Solo Iliyoingia Kabla ya Zamu

Kaka Oresti,

Shikamoo. Marahaba yako siitegemei, maana hata ulipokuwa hai ulikuwa unaitikia kabla sijamaliza kusalimia.

Nakuandikia kutoka hapa hapa Kawajense, chumbani kwako. Kitanda chako tumempa Mama Mdogo Vero, aliyekuja msibani akabaki, kwa hiyo nimekaa juu ya gunia la mpunga. Gitaa lako ninalo mimi. Mfuko wake bado unanuka dagaa wa Ikola, nimeuanika juani mpaka nimechoka. Nani alikutuma kupakia gitaa na dagaa gari moja?

Nikwambie la muhimu kwanza. Mama alikuwa hajalia. Hivyo ndivyo tulivyokaa baada ya kukuzika: halii, na jina lako halitaji. Akilazimika sana anasema "yule." Siku ya mazishi alikuwa anakaribisha watu chai kama vile msiba ni wa jirani. Tukadhani ni nguvu ya Mungu. Lakini alianza kukonda, akawa anasahau ufunguo mlangoni, anakaa uani na ungo kutwa nzima anachagua chuya kwenye mchele usio na chuya. Mama Mdogo akasema kilio kisipotoka kinageuka ugonjwa. Mimi nilimwamini. Nimeshakuzika wewe, sikutaka kumzika na Mama.

Kuongea naye nilishindwa. Nikianza tu kusema "Kaka," ananituma chumvi. Ndiyo nikaona nitengeneze wimbo wa gitaa tupu, maana maneno anajua kuyakwepa. Rithimu nikapiga mimi kama ulivyonifundisha, halafu juu yake nikapiga solo, sehemu yako. Nilirekodi humu humu, simu nimeiegemeza kwenye ndoo. Nilipousikiliza mara ya kwanza nikajiona fundi kweli kweli.

Nikamtumia Mwalimu Anjela, yule wa kinanda wa kwaya yetu. Unamjua, hana maneno ya kubembeleza. Alinijibu kwa sauti kwenye simu, ndefu kama mahubiri: rithimu imeimeza solo, uzi wa pili umelegea, mwanzo ni mrefu mpaka mtu anasinzia, na mabati yanalia kwa nyuma kama kuna mtu anakaanga bisi. Nilinuna! Nikazima simu, nikaenda gengeni kununua nyanya ambazo wala hatukuzihitaji. Niliporudi nikasikiliza tena, na ah, mwalimu alisema kweli. Nikakaza uzi, nikatundika mablanketi ukutani, nikaisogeza simu, nikangoja upepo utulie. Mwanzo nikaukata nusu. Nikautuma tena, akaurudisha tena, safari hii solo inatetemeka mwishoni. Nikarekebisha mpaka vidole vikaota sugu mpya. Siku aliyoniambia, "Sasa umenyooka, Skola, hata siku ya kubariki kaburi tutaupiga," nilishika kichwa kwa furaha.

Nikamwekea Mama. Alisikiliza mwanzo mpaka mwisho, kistaarabu, kama anasikiliza tangazo la mtendaji wa mtaa. Akasema, "Nzuri, mwanangu. Ni ya kanisani?" Akarudi kwenye ungo wake.

Kaka, niliumia. Nilitamani kuitupa simu chooni.

Kesho yake akaja Masanja mpiga ngoma, mtani wako. Sijui kama uliona aliyoyafanya msibani. Alivaa koti lako la kahawia, akatembea ule mwendo wako wa kutanguliza kifua, akawa anapita kwenye foleni ya chakula anawasukuma wazee, anasema, "Nipisheni, mimi marehemu nina haraka!" Watu walicheka huku wanalia. Najua ni mila, mtani ana ruhusa yake, lakini mimi nilitamani kumchapa mwiko. Tangu siku ile nilikuwa namsalimia kwa kichwa tu.

Alisimamisha bodaboda yake mlangoni, akausikiliza wimbo amesimama, helmeti kichwani. Akauliza, "Huyu anayepiga solo ni nani?" Nikamwambia ni mimi, lakini ni sehemu ya Oresti. Akacheka. "Oresti yupi? Huyu ni malaika. Anangoja rithimu ipite ndiyo aingie, na adabu zake. Oresti wangu mimi alikuwa na kiherehere. Lini alisubiri zamu yake?"

Nikamfukuza. Nilimwambia nyie watani hamna haya, mtu yuko kaburini bado mnamsema. Akawasha pikipiki akaenda zake, wala hakukasirika.

Nikabaki na hasira zangu. Zilipopungua, ile kauli ikabaki, maana ni kweli. Kaka, wewe! Pasaka ile ulianza kupiga Utukufu padri hata hajafungua mdomo. Nyama ulikuwa unaila sufuria bado iko jikoni. Hata kuzaliwa ulizaliwa njiani kule Mpimbwe, Mama yuko kwenye baiskeli ya Baba, zahanati bado mbali. Na katika kila wimbo solo yako ilikuwa inaingia kabla, kidogo tu, sisi wote tunakimbia kukufuata. Na huko nako umewahi. Bibi yupo, Mama yupo, wewe ukapita mbele yao. Nani alikuita? Nililia hapa kwenye gunia mpaka nikapata kwikwi.

Nikaona tulipokosea. Tangu ufe tunakusifu tu. Mpole, mcha Mungu, mvumilivu. Mvumilivu, wewe! Tumekusifu mpaka tumemletea Mama mtu asiyemjua, halafu tunashangaa hamlilii.

Nikampigia Masanja simu nikamwomba radhi. Akaja na dumu tupu la mafuta, Mama akiwa ameenda sokoni. Usidhani kuingia kabla ya zamu ni rahisi. Mkono ukishafundishwa kusubiri, unasubiri. Masanja akawa anapiga dumu mapigo yaliyonyooka, hayayumbi hata kidogo, ili mimi nipate kitu cha kuwahi. Nikiingia sawasawa anatikisa kichwa, "Malaika huyo." Nikichelewa, "Huyo sasa ni askofu." Tulirudia na kurudia, jasho linatutoka. Mara nikaingia kwa pupa, uzi ukakwaruza, na Masanja akaacha kupiga. Hakutania. Aliangalia chini tu, akafuta macho kwa mkono wa shati.

Wimbo huo tulipourekodi, Mama sikumwekea. Nilikuwa nausikiliza mwenyewe kwenye spika, mlango uko wazi, yeye yuko uani anachagua mchele. Rithimu ikaanza. Solo ikaingia kabla.

"Oresti!" Mama alifoka kutoka uani, kwa ile sauti ya kukugombeza. "We Oresti, si usubiri wenzio!"

Kisha nikasikia ungo umeanguka.

Nilipotoka alikuwa amekaa chini, mchele umemwagika kote, kuku wanakula, na analia, Kaka. Analia kwa sauti, anakuita kwa majina yako yote, hata lile la utotoni ulilotukataza. "Si ungenisubiri, baba! Yesu na Maria, si ungenisubiri!" Majirani wakaja mbio, wengine khanga wanazifungia njiani, wakauliza nani amekufa. Nikawaambia ni Oresti. Wakatazamana. Nikawaambia ni msiba wetu uleule, ila leo ndiyo umefika. Wakakaa chini, wakalia naye.

Sasa Mama anakutaja. Anakutaja kutwa, na mara nyingi anakugombeza. Anakula. Analia pia, jana amelia kwa sababu ya soksi yako moja aliyoikuta nyuma ya kabati, lakini ni kilio cha mtu anayejua anamlilia nani. Mwalimu Anjela ametuma ujumbe kwamba pale solo inapoingia kuna kosa, nilirekebishe kabla ya siku ya kubariki kaburi. Yote aliyonikosoa nimeyapokea na namshukuru, bila yeye ungekuwa wimbo wa mabati. Hilo moja nimemkatalia, na Masanja kasema yuko tayari kwenda kugombana naye.

Basi Kaka, nikuache upumzike. Bado inauma, nisikudanganye. Asubuhi mkono wangu bado unatoa kikombe chako kabatini, nakirudisha. Siku ya kubariki kaburi tutakuja na magitaa, na Mama tutamshika mkono. Nakuahidi nitamtunza, na gitaa lako halitalala na vumbi. Wimbo nitaendelea kuurekebisha kila watakaponikosoa. Wewe sikurekebishi tena. Baki na kiherehere chako hukohuko ulikowahi, na sisi tutakuja kwa zamu zetu.

Mdogo wako,
Skola