Hatukumwomba Radhi Bwana Haskell

Nyumba Na. 41,
Barabara ya Soko la Zamani,
Lampang, Thailand.
16 Aprili 1989

Mpendwa Mama Mkubwa Thongbai,

Shikamoo. Hali yako huko Malmö? Magoti yanaendeleaje, na theluji imeshaondoka au bado mnaichota mlangoni kwa koleo? Baba Mkubwa Lennart kikohozi kimemwacha? Sisi hapa ni wazima. Bibi anakula vizuri na anagombana na paka kama kawaida. Mama naye ni mzima. Hilo naomba ulisome mara mbili, kwa sababu najua ulichosikia.

Matokeo yangu ya mwisho yametoka. Nimefaulu, na katika Kiingereza nimekuwa wa pili shule nzima. Mwalimu ameandika chini ya ripoti kwamba lugha naijua ila hakuna anayenisikia nikiisema. Ni kweli. Hata ulipopiga simu Jumatano kwa Mama Nuan muuza tambi, uliongea wewe, mimi nikaitikia tu, "Ndiyo, Mama Mkubwa." Ile ndiyo haikuwa ya kukubali. Ilikuwa ya adabu.

Ulisema tumwombe radhi yule polisi Mmarekani yaishe, na kwamba utamwandikia barua wewe mwenyewe kwa niaba ya familia. Nimekaa chini leo nikueleze mambo yalivyokwenda.

Bwana Haskell amepanga chumba chetu cha mbele tangu mwisho wa Machi. Mji wake ulimtuma aje kumchukua mtu wao mmoja aliyekimbilia huku akakamatwa. Alidhani ni kazi ya siku mbili. Kila asubuhi alikwenda ofisi ya serikali kudai karatasi za kumchukua mtu huyo, akigonga meza, nami nikienda naye kumfasiria. Makarani walimtabasamia, na kila alipogonga, karatasi zake zilishuka chini ya rundo. Nilimwambia polepole kwamba asigonge. Akanijibu, "Ongea kwa sauti, binti, mimi si popo!"

Ni mtu wa mwili hasa, mkono wake kama paja langu. Mwanzoni aliingia na buti mpaka sebuleni. Mama alimtandikia mkeka, akamnunulia sandali kubwa kuliko zote sokoni, haikusaidia kitu, mpaka siku Bibi aliposimama mlangoni na ufagio. Tangu hapo buti anazivua, lakini kwa kununa.

Sasa, kufuli la chumba hicho unalijua lilivyo. Bwana Haskell hakuliamini, kwa hiyo beji yake ya upolisi aliificha ndani ya buti pale mlangoni, akijua hakuna mwizi atakayetia mkono humo. Jumanne adhuhuri akatia mkono yeye, hakuikuta.

Alitoka nje wakati meza za Mama Nuan zimejaa watu. Sajini Prasoet wa kituo chetu alikuwepo, anakula tambi. Bwana Haskell akamnyooshea Mama kidole karibu kumgusa pua.

"Nani anafagia hapo mlangoni? Huyu! Nani anashika viatu vyangu? Huyu!" Sauti yake ilifika mpaka kwa wauza samaki. Kisha akanigeukia. "Mwambie mama yako ni mwizi. Neno kwa neno."

Na mimi nikamwambia. Nilinong'ona, lakini nilimwambia. Nilisema, "Mama, anasema wewe ni mwizi." Mama aliinamisha kichwa kama aliyemwagiwa kitu. Mdomo wangu sijausamehe mpaka leo.

Alipekua nyumba yote. Alipindua magodoro, akatia mkono kwenye pipa la mchele, akamwaga nguo za watu tunazofua, akalifungua sanduku la blauzi za Mama mbele ya Sajini. "Miaka ishirini na saba ya kazi," alikuwa anarudia, "najua wanapoficha." Sajini akampa Mama hadi Jumamosi saa nne asubuhi: alete beji au aende naye kituoni kufungiwa. Kufika jioni wateja watatu walikuwa wamekuja kuchukua nguo zao, bado mbichi.

Bibi tulimficha. Nawe ulisema vilevile kwenye simu, kwamba moyo wake usisumbuliwe. Alipouliza kwa nini nyumba imepinduliwa, Mama alisema tunafanya usafi wa mwaka mpya. Bibi akafurahi, akamshika mkono Bwana Haskell akamwonyesha kona aliyoisahau.

Jana Jumamosi asubuhi Mama alivaa sarong yake ya buluu, ile uliyomletea. Alifunga taulo na mswaki kwenye kitambaa. Sajini Prasoet alifika saa tatu na nusu, kavua kofia, hana raha. Bwana Haskell akakaa kwenye ngazi na mikono kaikunja. Barabarani watoto walikuwa wameshaanza kumwagiana maji ya Songkran, mwaka wetu mpya, na Mama alikuwa anaondoka kwenda kufungwa.

Bibi, ambaye hajui lolote, akapiga makofi. "Mbona mnakaa kama wafiwa? Rampha, panda kigoda. Shusha vitu vya rafu tuvioshe!"

Sikuwa na la kufanya, nikapanda. Rafu ya Buddha iko palepale, juu ya mlango, na Bwana Haskell kwa urefu wake alikuwa akiinama kupita chini yake kila siku. Nikashusha sanamu. Nikashusha picha ya Babu, nikashusha na chombo cha maua. Nyuma yake kulikuwa na kifurushi cha kitambaa cheupe, kimezungushiwa shada la asumini, na mbele yake gilasi ya soda nyekundu ya sadaka.

Nilikifungua. Mama Mkubwa, ndani yake ilikuwa ile beji.

"Usishike na mikono ya vumbi!" Bibi akanikemea. "Hicho ni cha yule jitu. Alikitupa ndani ya buti. Ndani ya buti! Kina ndege, kina namba, ni cheo cha mtu hicho! Nimekiosha, nimekiweka pazuri, na nimekiombea siku nne. Yeye hata asante hajui."

Unamjua Bibi, hata gazeti lenye picha ya mtu akiliona sakafuni analiinua. Angetuambia siku ileile kama tungemwuliza. Hatukumwuliza, kwa sababu tulikuwa tunamlinda.

Bwana Haskell alichukua beji, akaitazama, akaitazama rafu. Uso wake ulikuwa mwekundu kuliko ile soda. Akanisogelea akasema chini chini, "Mwambie mama yako tuyaache, yamekwisha."

Nilimfasiria Mama. Mama akaunganisha viganja kifuani, akatabasamu, akasema, "Haidhuru."

Haidhuru! Taulo na mswaki vilikuwa bado mkononi mwake. Bwana Haskell akaniuliza, "Anasemaje?" Nami kwa mara ya kwanza sikufasiri.

Nilimwambia, "Jumanne ulisimama pale nje. Leo unanong'ona."

"Unataka nini, binti?"

"Palepale. Kwa sauti ileile."

Mama alinifinya mkono mpaka leo pana alama. Sajini akaona kitu cha kuchunguza ndani ya kofia yake. Bibi akauliza, "Mnasemaje nyie?" Mama akafungua mdomo amfiche tena, lakini nikamtangulia. Nilimweleza Bibi yote, kidole, sanduku la blauzi, nguo mbichi, kituo.

Moyo wake haukupata lolote. Alikasirika tu. "Kumbe mwanangu anaitwa mwizi nyumbani kwangu siku nne, na mimi mnanipa uji!" Akachukua bakuli la maji ya asumini, akamsukumia Bwana Haskell kifuani. Kisha akasita, akalirudisha. Mama ana miaka arobaini na moja, Bwana Haskell ana hamsini na sita. Mkubwa hamwagii mdogo maji mikononi kuomba msamaha, hata mwaka mpya. Bibi akafikiri kidogo, akamwelekeza barabarani kwa kidevu. "Basi fanya alivyosema mtoto."

Alitoka. Nadhani alisahau buti, au pengine hakuthubutu kuzivaa mbele ya Bibi. Alisimama pekupeku kwenye lami ya Aprili, unajua ilivyo, anainua mguu huu, anaushusha, anainua ule. Watoto wakamvamia kwa ndoo mbili za maji ya barafu. Sikumsikia akifoka. Alijifuta macho, akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwa wauza samaki kwamba mama huyu hakuiba kitu, kwamba beji ilikuwa juu ya kichwa chake mwenyewe siku zote, na kwamba yeye ndiye aliyekosea.

Lakini alisema kwa Kiingereza, na watu wote wakanigeukia mimi.

Mama Mkubwa, nilipiga kelele. Sijawahi kupiga kelele hivyo maishani. Nilifasiri neno kwa neno, kama alivyotaka yeye Jumanne, na kila neno nililitupa kwa nguvu zangu zote. Mama Nuan aliangusha upawa ndani ya sufuria. Mmoja wa wale wateja watatu alikuwepo, nikamtazama yeye nikarudia mara ya pili, ingawa Bwana Haskell alisema mara moja tu.

Mama bado hajaniongelesha vizuri. Anasema nimemwaibisha mgeni. Namheshimu sana, lakini safari hii sikubaliani naye, na wewe pia sikubaliani nawe. Kama ile barua ya kumwomba radhi umeshaiandika, tafadhali ichane. Kama umeshaituma, niambie, niitangulie posta. Na yule aliyekupigia kukueleza habari za Mama, mpigie wewe sasa.

Nisalimie Baba Mkubwa Lennart, na binamu zangu Karin na Somsri. Bibi anasema uoshe rafu yako hata kama huko kuna baridi. Bwana Haskell karatasi zake zimesainiwa jana jioni. Sajini amesema safari hii hakugonga meza.

Maji ya mwaka mpya yakufikie huko uliko, yakupe afya na miguu myepesi. Mimi ni mtoto wa mdogo wako, ninayekupenda hata ninapokubishia, na leo sauti imenikauka kabisa,

Rampha