Usimpe Fundi Sauti ya Mama

Kakangu Adib,

Salaam kutoka Al Warqa, huku Uarabuni kazini. Mimi mzima, joto tu. Jana madam wangu, yule Mswidi, aliweka santuri ya bendi ya kwao: magitaa yanakwaruza, mwimbaji analia kama amefungiwa stoo. Nikadhani imeingia vumbi, nikaipangusa. Madam akacheka: "Rukiya, waliirekodi hivyo makusudi." Ikaendelea huku napiga pasi, nami nikawa kama naelea, mpaka jikoni kwetu Malindi.

Sasa, ule ujumbe wa sauti wa mwisho wa mama, mliyemzika bila mimi: tafadhali usimpe fundi wa studio ausafishe. Ndani ya makwaruzo feni yetu inalia, wewe unacheka, na mama anasema, "Hebu nyamaza, Adib, naongea na dadako."

Dadako,
Rukiya