Tembe Zako Ulizomtumia Kamau

Ruiru, Jumapili

Mama yangu mpenzi,

Na lile swali lako la mwisho kabla simu haijakatika, kama Kamau amemaliza zile tembe ili umtumie nyingine, sikulijibu makusudi. Mtandao haukuwa na shida. Mimi ndiye niliyekata. Wewe simu unaiweka kwa sauti kubwa, Shangazi akisikiliza upande huu na fundi wa paa upande ule, na hili nataka ulisome peke yako kwanza. Usitume nyingine, Mama. Soma hadi mwisho, kisha ukitaka kukasirika ukasirike.

Lakini wewe hujambo? Kichwa bado kinakuuma asubuhi? Goti limekubali kupanda kile kilima cha kanisani? Nijibu kwa ukweli, utaona kwa nini nauliza.

Sisi tuko hai, na mimi bado nina furaha isiyo na akili. Miezi mitatu ya ndoa imepita na nikisikia hatua zake kwenye ngazi bado navua kitambaa kichwani mbio mbio ili anikute napendeza. Anarudi kutoka kiwandani Thika nguo zikinukia njugu za makadamia, na haji mikono mitupu: chungwa, kibanio cha nywele, siku moja ua alilong'oa kando ya barabara na mizizi yake yote. Nililipanda kwenye kopo la mafuta. Najua unasema nimepumbaa. Nimepumbaa kweli, na nadhani ndiyo sababu sikuona mapema.

Unakumbuka siku ya harusi alivaa suti na ndara, kwa sababu miguu ilikuwa imevimba hadi viatu vikakataa. Wajomba walicheka. Wewe hukucheka. Uliinama ukambonyeza juu ya kifundo kwa kidole gumba na shimo likabaki pale pale. Akakueleza kwamba anameza dawa mbili, moja ya presha na moja ya kutuliza mapigo ya moyo yanayorukaruka, na hiyo ya presha ndiyo inayomvimbisha. Ukamwambia yako ya presha haijawahi kukuvimbisha hata siku moja.

Basi ule mzigo wa maharagwe na ndizi ulipofika, na ndani yake lile kopo la poda lenye tembe zako, Kamau alikaa kitandani akalishika kwa mikono miwili. Unajua mama yake alifariki yeye akiwa darasa la sita. Akaniambia, "Wakesho, hakuna mtu amewahi kunitumia dawa kutoka mbali hivyo." Mama, ningemwambia nini? Kliniki yake ilikuwa bado majuma sita. Nikaamua mwenyewe. Ile ya kuvimbisha nikaitoa, yako nikaiweka mahali pake, ile ya moyo nikaiacha kama ilivyokuwa. Kila asubuhi nilimwekea mbili kwenye kisahani pamoja na chai, kama mke anayejua kazi yake.

Na miguu ilinywea. Sikukudanganya nilipokupigia. Baada ya wiki moja alivaa viatu vyake, tukapiga vigelegele wewe huko na mimi huku.

Halafu akaanza kuwa baridi. Mikono baridi hata jua likiwaka. Akipanda ngazi anapumzika katikati, akinywa chai anasinzia na kikombe mkononi. Kiwandani walimtania, "Bwana arusi, huyo bibi yako hakuachi ulale?" Akacheka, nami aliponisimulia nikacheka na kuona haya. Mume wangu alikuwa anazimika polepole nami nilidhani ni raha ya ndoa.

Jumamosi, siku nane zilizopita, tulikuwa uani tukifua blanketi. Huwa ananisaidia kukamua, yeye akishika ncha moja na mimi nyingine, na Mama Shiru wa mlango wa pili hamwachi. "Baba Arusi, ukimaliza hiyo uje ukamue zangu." Kamau akamjibu, "Wako yuko wapi, amekauka?" Wote wakacheka, naye akainama kuokota sabuni. Aliposimama, uso wake ulikuwa umegeuka rangi ya majivu. Akaniambia kwa upole, "Shika," akanipa ncha yake ya blanketi, kisha akaanguka juu ya beseni.

Mume wa Mama Shiru alitupeleka kwa pikapu yake hadi hospitali kule Thika, lilipo faili lake. Nesi akamshika mkono, akatazama saa, akaanza kuhesabu upya. Mapigo thelathini na manane kwa dakika. Mimi nilikuwa nimebeba dawa zote kwenye mfuko, nikazimwaga mezani. Akaokota zako.

"Hizi haziko kwa faili. Alizipata wapi?"

Kamau alikuwa amelala pale na waya kifuani, lakini akajibu mbele yangu. "Ni mamangu alinitumia."

"Mamako ni daktari?"

"Hapana. Ni mama mkwe."

"Kumbe hata si mamako," nesi akasema, na Kamau akamwambia, "Ni mamangu, andika hivyo."

Daktari alikuja akanieleza bila kunigombeza, na hilo liliniumiza zaidi. Tembe yako ya presha inafanya kazi kwa kupunguza mbio za moyo. Tembe yake ya moyo nayo ni kazi hiyo hiyo. Alisema ni kama gari moja kukanyagiwa breki na watu wawili. Kwako ni sawa, kwa sababu wewe huna hiyo nyingine. Walimlaza siku tatu hadi mapigo yakapanda. Sasa yako wameitoa, ile ya kuvimbisha hawakuirudisha, na wamempa ya aina ya tatu. Hii ya tatu huwaletea watu wengine kikohozi kikavu, na akianza kukohoa nimrudishe kliniki, nisiguse chochote mwenyewe. Kila akisafisha koo mimi nasimama.

Yeye ameogopa, Mama. Asubuhi anaishika kwenye kiganja anaitazama, ananiuliza, "Na hii nayo itanifanya nini?" Naweka vidole vyangu kwenye mkono wake nahesabu hadi dakika iishe, ndipo anameza. Leo yalikuwa hamsini na sita.

Sikulaumu. Mikono iliyozitoa kila asubuhi ni yangu. Lakini kabla daktari hajaondoka alizigeuza tena zile pakiti zako, akasoma jina lako juu yake, akaniuliza, "Na huyu mama, yeye sasa anameza nini?"

Hapo ndipo nilipoanza kuhesabu. Zilikuwa za mwezi wako mzima, sivyo? Ulimpa Kamau zote. Ndiyo maana kichwa kinakuuma asubuhi. Na wewe ulinidanganya kwamba umebaki na zako, kama nilivyokudanganya mimi leo kuhusu mtandao.

Daktari alisema dawa kama hiyo haiachwi ghafla, moyo hukasirika, na wala usizirudie mwenyewe kwa kumeza mbili kufidia. Kesho asubuhi nenda kliniki, uwaambie siku ngapi umekaa bila, wao ndio waseme uanze vipi. Shangazi akusindikize, na asikubali maneno yako ya kwamba uko sawa. Na ukipewa nyingine, usimgawie tena yule fundi wa paa. Najua ulikuwa unamgawia.

Msalimie Shangazi huyo huyo, mlinzi wako. Msalimie kaka yangu Mwakio aliyenibeba mgongoni nilipokuwa naenda shule, umwambie shemeji yake anamuuliza habari za ng'ombe. Bibi mzaa baba mwambie simjui mume mwingine duniani wa kulinganisha na huyu, atacheka. Kamau anakusalimu. Amekataa nikuandikie kwamba alilia, kwa hiyo sijaandika.

Alhamisi anapimwa tena. Moyo ukikubali safari tutakuja wawili, usipokubali nitakuja peke yangu, maana nawe unahitaji mtu wa kukushika mkono na kuhesabu. Kwa vyovyote vile, mwezi huu hautaisha kabla hujaniona mlangoni.

Binti yako, mke wa Kamau,
Wakesho