Chupa ya Mama Clemmie

Christiana, wilaya ya Manchester
3 Machi 2016

Mdogo wangu Ransford,

Salamu kutoka huku milimani kwenye ukungu, katikati ya kisiwa chetu. Natumaini u mzima, na kile kifua kilichokusumbua utotoni kimekuachia. Mimi ni mzima, isipokuwa mikono.

Najua utashangaa kuona mwandiko wangu. Simu yangu huipokei, kwa hiyo nimemwomba binamu Hopeton akuletee barua hii atakapokuja Westmoreland na viazi vyake. Daktari anasema ni baridi yabisi. Vidonge nameza, lakini vidole vimevimba kama tangawizi. Nimepiga kinanda kanisani miaka thelathini na nane, Ransford, na Jumapili iliyopita vidole vilinigomea katikati ya wimbo. Waumini wakamalizia wenyewe, kila mtu na sauti yake. Mchungaji ameniambia kwa upole nipumzike kidogo. Mimi naujua upole wa namna hiyo.

Nakumbuka mama yetu, Mama Clemmie kama watu walivyomwita, alivyokuwa akijipaka ile dawa yake ya bangi na ramu kwenye magoti, na matone machache chini ya ulimi. Hopeton anasema bado unaitengeneza. Nitumie chupa moja. Aifunge kwenye gazeti, asimwonyeshe mtu.

Ni mimi dada yako,
Verlene

*

Westmoreland
20 Machi 2016

Verlene,

Nimepokea salamu. Kifua kizima, asante kwa kuuliza baada ya miaka thelathini na mbili.

Sasa tuzungumze. Mwaka 1984 ulimpelekea mchungaji wako habari za chupa ya Mama. Mchungaji akazipeleka kwa polisi. Polisi walipokuja, Mama alikuwa amesimama jikoni anatetemeka, na mimi nikasema chupa ni yangu. Nikakaa ndani miezi tisa. Wewe ulikuwa kanisani unapiga kinanda. Na leo unataka chupa ileile, ifungwe kwenye gazeti!

Nitakwambia kinachoniudhi zaidi ya jela. Krismasi kila mama wa kanisa analoweka zabibu kavu kwenye ramu, anakula keki inayonuka kama baa, na hakuna askari anayegonga mlango. Lakini mwanamke maskini akiloweka majani kwa ajili ya magoti yake, huyo ni mhalifu. Siku hizi sheria imegeuka, kila nyumba inaruhusiwa miche mitano ya bangi, na wanakuja watu wenye makoti meupe kutuuzia dawa ya bibi zetu tone kwa tone, kwenye vichupa vyenye maandishi ya dhahabu. Hakuna hata mmoja aliyeomba radhi. Nawe hujaomba.

Chupa sikupi. Maua makavu nampa Hopeton. Yatie kwenye oveni kwa moto mdogo sana mpaka jikoni kunuke, yasiungue. Yavunjevunje, yajaze nusu ya chupa, mimina ramu nyeupe mpaka yafunikwe. Ifukie siku tisa mahali pasipopigwa na jua, kama Mama alivyofanya. Kisha chuja kwa kitambaa. Anza na tone moja tu, usijifanye shujaa.

Bangi nakupa. Aibu yako siwezi kukubebea tena.

Mtoto wa Mama,
Ransford

*

Christiana
9 Aprili 2016

Ransford mdogo wangu,

Natumaini barua hii inakukuta salama na mvua imefika huko. Huku imenyesha, na mikono inaijua mvua kabla ya mawingu.

Imeharibika. Ngoja nikueleze, na ucheke ukitaka.

Unajua tangu nibatizwe sijagusa pombe. Ramu inauzwa kwa Bi Pansy tu, na baa yake inatazamana na lango la kanisa. Nilifika mpaka kona mara mbili nikarudi. Basi nikasema, Bwana anauona moyo. Nikachukua maji ya zabibu yaliyobaki ya meza ya Bwana, nikaloweka maua yako humo, nikafukia chini ya dirisha la sebule.

Siku ya sita akina mama wa kanisa walikuwa kwangu, tunakunywa chai. Chupa ikapasuka ardhini kwa kishindo. Dada Eulalee akaangusha kipande chake cha jibini. Halafu harufu ikaingia dirishani, ya siki na kitu kilichooza.

“Verlene,” akasema, “kuna kitu kimekufa chini ya nyumba yako.”

“Ni panya,” nikasema.

“Panya wa kupiga bomu?”

Nikaapa kuwa ni panya. Mimi, mzee wa kanisa. Nitumie maua mengine, tafadhali.

Dada yako,
Verlene

*

Westmoreland
15 Aprili 2016

Verlene,

Huku ni wazima wote. Nimecheka mpaka mbwa akaja kunitazama.

Dada wewe, ramu ndiyo inayoivuta dawa kutoka kwenye ua na kuizuia isioze. Maji ya zabibu ni sukari. Ulipika pombe, tena pombe mbaya, kwa kukwepa pombe! Mama angekupiga na mwiko.

Nimemaliza kucheka. Ulimwambia Eulalee ni panya. Mwaka 1984 panya nilikuwa mimi. Unapoogopa watu, daima kuna mwingine anayelipa, na hilo ndilo lililotutenganisha. Jela nilishaisahau zamani.

Maua haya ndiyo ya mwisho. Usiniandikie tena mpaka uwe umeingia kwa Bi Pansy mchana kweupe, ukaagiza kwa mdomo wako. Ukishindwa, kaa na mikono yako, nami nitakaa na kimya changu.

Mtoto wa Mama,
Ransford

*

Christiana
3 Julai 2016

Ransford mdogo wangu,

U hali gani? Mimi nina hali ya mtu aliyetua mzigo.

Miezi miwili nilitembea na barua yako ndani ya Biblia. Jumamosi moja mwezi uliopita nikavaa kofia yangu ya kanisani, ile ya zambarau, nikaingia kwa Bi Pansy saa sita mchana. Wanaume wanne walikuwa wanacheza dhumna. Wakageuza vichwa, kete mkononi.

“Dada Verlene,” akasema Bi Pansy, “umepotea? Kanisa liko ng’ambo.”

“Nipe ramu nyeupe. Chupa nzima.”

“Aa, ya keki,” akasema, akinihurumia.

Ransford, alinifungulia mlango wa kutorokea. Ningesema ndiyo, ningetoka na heshima yangu yote. Nikasema, “Si ya keki. Ni ya kulowekea bangi. Mikono inaniuma.”

Mzee mmoja akapiga kete yake mezani, pa! “Hallelujah,” akasema. Wakacheka wote, na mimi nikacheka.

Nilifukia siku tisa, nikachuja. Rangi ni ya kijani ya giza, ladha ni chungu kama kosa. Sijapona, nisikudanganye, na vidonge vya daktari bado nameza. Lakini nikipaka jioni, asubuhi ninafunga vifungo vya blauzi mwenyewe.

Habari zilimfikia mchungaji kabla ramu haijafika nyumbani. Akaniita mbele ya kanisa nieleze. Nikaeleza. Nilipomaliza habari za ramu sikukaa. Nikasema mwaka 1984 nilimchongea mama yangu mzazi, ndugu yangu akafungwa kwa chupa isiyokuwa yake, nami Jumapili ile nilipiga kinanda bila kukosea hata noti moja. Nilitaja jina lako lote, Ransford Ezekiel Tulloch, ili wasikudhanie mwingine.

Kinanda wamempa mpwa wa mchungaji. Nililia siku mbili. Siku ya tatu Eulalee alikuja na chupa tupu mkononi, akaniambia goti lake halina dini. Tangu hapo wamekuja watano.

Nisamehe. Ningepaswa kuanza na neno hilo mwezi Machi. Ningepaswa kuanza nalo nikiwa na miaka ishirini na mitano.

Dada yako,
Verlene

*

Westmoreland
18 Julai 2016

Dada yangu,

Salamu, na pole kwa kinanda. Nasema kweli, pole.

Barua yako nimeisoma mara tatu, ya nne nikamsomea Hopeton kwa sauti. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Mtu hukaa miaka thelathini na mbili akinoa maneno, halafu siku moja anakosa wa kumkata. Nimekasirika kidogo kwa hilo.

Nitakuja Jumamosi kwa basi la asubuhi. Nakuletea miche, maana watu watano hawatatoshwa na chupa moja. Nina mvi na nimenenepa, kwa hiyo usimtafute kijana uliyemwacha mahakamani. Usimtume mtu kunipokea. Simama pale stendi wewe mwenyewe, na ile kofia ya zambarau, nikujue kwa mbali.

Mdogo wako,
Ransford