Karatasi ya Walioshindwa

Chamazi, Temeke
Jumapili mchana

Dada yangu Somoe,

Shikamoo. Najua ukiiona bahasha hii moyo utakuruka, maana kwetu barua imezoea kuja na msiba. Tulia, hakuna aliyekufa. Hapa Chamazi sote tuna uzima wa mwili, mimi, wifi yako, watoto, na binti yako Sharifa pia. Wewe miguu inaendeleaje? Ule uvimbe uliokupata baada ya kupuliza salfa kwenye mikorosho umepungua? Hilo la miguu unijibu hata kama mengine yote utakataa kunijibu.

Barua nimempa jirani yangu, dereva wa basi la Masasi, akukabidhi mkononi. Ningepiga simu, lakini simu yako unaiweka sauti ya juu na uwanja mzima unasikia. Haya ni yako peke yako. Yasome mwenyewe polepole kama ulivyofundishwa darasa la watu wazima, usimpe mtu akusomee.

Wiki iliyopita ulimwambia Sharifa arudi nyumbani kabla ya mwezi kuisha, akashike ile kazi kwenye duka la dawa la baba yake mdogo, kwa sababu siku ya mashindano alilala. Dada, Sharifa hakulala. Alikudanganya, na alikudanganya kwa ajili yangu. Ukimrudisha utakuwa umemwadhibu kwa kosa langu.

Ngoja nieleze, maana wewe tenisi huijui, na mimi mwenyewe ninayeishi nayo nimeijua juzijuzi tu. Miaka kumi na mbili niko kwenye klabu ile ya Kinondoni na kazi yangu ni udongo. Naumwagilia asubuhi, naushindilia kwa lile gurudumu la chuma, nauburuzia wavu hadi ulale sawa, halafu nafagia mistari iwe myeupe. Mgongo umekwisha, Dada. Lakini mambo ya ofisini, nani anaingia na nani anatoka, sijawahi kuuliza. Nilijua kuna anayeshinda na anayeshindwa, na anayeshindwa anachukua begi lake anaondoka.

Mashindano haya yalikuwa ya kulipwa, wasichana wa nchi nyingi. Wenye majina wanaingia moja kwa moja. Wasio na majina wanapita kwanza kwenye mchujo, na mtu akishinda mara tatu ndiyo anaingia na wakubwa. Ulishamwambia Sharifa mwenyewe: mwaka huu akiingia, aendelee na raketi zake, asipoingia, basi. Alishinda mara mbili. Ungemwona! Mtoto uliyeniletea akiwa na miaka kumi, aliyeanza kwa kuokota mipira ya watu, anawakimbiza wasichana waliokuja na walimu wao. Mechi ya tatu alicheza na Mmisri mmoja mrefu. Kila mmoja akachukua seti moja, halafu ya tatu ikaenda hadi mwisho kabisa, akafungwa kwa mipira miwili. Miwili tu. Akampa mwenzake mkono vizuri, akaenda nyuma ya kibanda changu cha vifaa, akakaa chini akalia huku amejifunika taulo.

Mimi nikakaa naye. Akaja kijana wa refa, akamwambia kitu kwa Kiingereza, akaondoka.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Kesho asubuhi nije nisaini, Mjomba. Sisi wanne tulioshindwa mechi ya mwisho."

"Kusaini nini?"

"Kuna karatasi yetu. Mkubwa mmoja akijitoa kabla hajacheza, wanachukua mtu hapo. Wanamwita laki luza, yaani mshindwa mwenye bahati."

Dada, sitakudanganya. Hayo ya mkubwa kujitoa niliyasikia nusu. Nilichosikia mimi ni kusaini na kushindwa. Vidole vyangu viwili unavijua. Siku mashine ya matofali ilipovila, kabla damu haijakauka bosi aliniletea karatasi, akasema ni ya hospitali, weka sahihi hapa. Nikaweka. Nilipokwenda kudai wakanionyesha sahihi yangu, kwamba nimekubali sina madai yoyote. Tangu siku hiyo mtu akinionyesha kalamu naona kisu.

Nikamwambia, "Huweki jina lako popote. Ukishaandika kwamba umeshindwa, umeshindwa milele. Wanataka ukiri kwa mkono wako."

"Mjomba, siyo hivyo. Kila mtu anasaini."

"Kila mtu ana mjomba wake," nikasema.

Baadaye njiani akajaribu tena, kwa adabu, "Mjomba, ni jina tu." Nikamkaripia. Nikasema mtu aliyetolewa harudi uwanjani kuzungukazunguka kama anaomba makombo, kesho ukae nyumbani upumzike. Unajua sisi tulivyo. Huko kwetu baba anaweza kusema na mtoto akajadili, lakini mjomba akisema limekwisha. Ulipomleta ulinikabidhi kwa neno hilohilo, "Huyu ni wako, neno lako ni langu." Binti wa miaka ishirini na moja, aliyekwisha kupanda ndege kwenda kucheza Nairobi, alinyamaza kwa sababu mimi ni ndugu yako.

Asubuhi nikaenda kazini peke yangu. Wifi yako ndiye aliyenisimulia baadaye. Anasema Sharifa aliamka kabla ya adhana, akaoga, akavaa nguo za kuchezea, akafunga viatu, akakaa kwenye kiti karibu na mlango, begi la raketi magotini. Wifi yako akamuuliza, "Wewe unakwenda wapi?" Akajibu, "Siendi popote, Shangazi. Mjomba amekataza." Akaendelea kukaa hivyohivyo na viatu vyake. Huyo ndiye aliyelala, Dada.

Kwenye saa tatu hivi nilikuwa nabana mpira wa maji nikamwona Mzee Murtaza anakuja mbio. Huyo ni mwanachama wa zamani, Mhindi wetu mmoja wa vipuri vya magari, ndiye aliyempa Sharifa raketi yake ya kwanza. Mzee wa miaka sabini hakimbii bila sababu.

"Selemani! Sharifa yuko wapi?"

"Nyumbani, Mzee."

"Nyumbani anafanya nini? Kuna mchezaji tumbo limemvuruga, amejitoa sasa hivi. Nafasi iko wazi. Sharifa ndiye wa kwanza, ana pointi nyingi kuliko wenzake wote."

Nikasimama tu, maji yananiingia kwenye viatu.

"Alisaini lakini?" akauliza.

"Nilimkataza."

Akaniangalia. Sijawahi kuangaliwa vile, hata na wewe siku nilipopoteza ng'ombe wa mahari. Akasema polepole, "Ulimkataza nini, bwana wewe? Karatasi ile siyo ya kukubali kushindwa. Ile ni ya kusema bado nipo. Asiyesaini wanahesabu ameshaondoka."

Wawili kati ya wale wanne walikuwa wamekwisha kupanda ndege zao. Kwenye karatasi kulikuwa na jina moja tu, la binti wa Zambia aliyekuwa chini ya Sharifa.

Nikampigia Sharifa simu, hata haijalia vizuri akapokea. "Nakuja, Mjomba," basi, hakuuliza kitu. Alichukua bodaboda kutoka Chamazi mpaka Kinondoni, na unaambiwa huo ni upande mmoja wa jiji hadi mwingine. Alipofika vumbi limemjaa usoni, akaenda moja kwa moja kwa refa. Mimi nilibaki mlangoni na kofia mkononi. Refa ni mama mstaarabu, alimsikiliza hadi mwisho. Akamwambia muda wa kusaini ulikwisha nusu saa kabla ya mechi ya kwanza, jina halipo, na yeye hana ruhusa ya kuandika jina baada ya muda huo. Nikaingia. Nikasema, "Mama, kosa ni langu, mimi ndiye..." Sharifa akanishika mkono. Akasema, "Samahani, Madam. Nililala."

Pale ofisini palikuwa na watu saba au wanane, wote wakamsikia. Wakacheka kidogo, unajua watu wanavyocheka. Mmoja akasema, "Sista, usingizi gani huo unalala na nafasi yako?" Na mimi nikanyamaza. Sikusema tena. Hilo ndilo linaloniua, Dada. Karatasi nilikosea kwa ujinga, lakini kunyamaza nilinyamaza nikiwa na akili zangu.

Binti wa Zambia akacheza, na akashinda. Akapata pointi zake na sasa jina lake liko kwenye orodha ya dunia. Sharifa alikaa kwenye benchi mechi nzima na akapiga makofi. Kati ya seti na seti niliingia kufagia mistari kama kazi yangu ilivyo, ikabidi nipite mbele yake na ufagio. Akanitabasamia ili nisijisikie vibaya. Ningetamani angenitukana. Mechi ilipokwisha yule Mzambia akaja kumkumbatia, akamuuliza mbona hakuwepo asubuhi, naye akamjibu lilelile.

Jioni ukapiga simu wewe. Tulikuwa sote chumbani, mimi nimekaa kitandani, yeye kwenye mkeka. Akakwambia alilala, na jibu lako nililisikia kila neno. "Mtoto mzima unalala siku ya kazi! Kumbe huko ndiko kucheza kwenyewe? Basi rudi." Akasema, "Samahani, mama." Akaweka simu chini, akaendelea kumenya viazi. Nilifungua mdomo mara tatu, Dada. Haukutoka hata upepo.

Wifi yako alinivumilia siku nne. Ya tano akaniambia bila kuzunguka, "Baba Rehema, mtu mzima na ndevu zako unajificha nyuma ya mtoto wa dada yako?" Nikamwambia Sharifa mwenyewe ndiye aliyetaka iwe hivyo. Akasema, "Ndiyo, alitaka. Nilimuuliza. Alisema klabuni wakijua watamcheka Mjomba kila siku anapofagia, na mama atamsema mbele ya ukoo. Yeye amefikiria yako. Wewe umefikiria ya nani?"

Ndiyo maana unaiona barua hii.

Sasa anaamka kama zamani na anaambatana nami hadi klabu, lakini hachezi na watu. Anapiga mpira kwenye ukuta wa nyuma, peke yake, saa nzima. Ukimwita chai anakuja, anakunywa, anasema asante. Ile kelele yake ya kubishana na wapaka rangi wa klabu imekwisha. Begi la nguo amekwisha kulifunga, analingoja hilo neno lako la mwisho wa mwezi. Mzee Murtaza ameniambia kuna mashindano mengine Nairobi baada ya wiki tano, na mchujo wake Sharifa anaweza kuingia, jina lipelekwe tu kabla ya Ijumaa ijayo. Nilimuuliza Sharifa. Akasema, "Mama ameshasema, Mjomba." Hakusema zaidi ya hapo. Mtoto yuleyule aliyenitii mimi nikamponza, sasa anakutii wewe.

Sikuombi unisamehe mimi. Hilo lina siku yake, na nitakuja mwenyewe kukaa mbele yako na mbele ya wazee, niseme kama nilivyosema humu, na mtakaloamua nitalibeba. Kama baada ya kusoma haya bado unaona arudi, nitamleta kwa mkono wangu na sitabisha. Ila usimrudishe kwa sababu ya usingizi.

Nisalimie shemeji yangu, mumeo, mwambie akipuliza salfa ajifunge kitambaa puani. Nisalimie mama mkubwa aliyetulea, na mdogo wetu wa mwisho anayefundisha shule ya msingi, yeye akiuliza niliandika nini mwambie ni mambo ya mashamba. Wifi yako na watoto wanakuamkia. Sharifa hajui kama nimeandika.

Dada, kama utaamua abaki, usinipigie mimi. Mpigie yeye, kabla ya Ijumaa. Siku hiyo toka nje, uondoe sauti ya juu, na kabla ya kumwambia habari za Nairobi au za duka, mwambie unajua kwamba hakulala.

Mimi mdogo wako, niliyemkosea mtoto wako,

Selemani