Maharage Yaliyorudishwa Mnadani

Jumamosi, 5 Julai
Kahawa imekauka upande mmoja. Nimegeuza jamvi zima peke yangu, mgongo unalalamika. Paskazia, mke wangu, amechagua mkungu mkubwa wa ndizi kwa ajili ya kesho. Misa ya mavuno. Kila familia hupeleka kitu mbele ya altare, kisha baada ya misa vyote hunadiwa uwanjani, kwa sababu padre hawezi kula mikungu yote ile peke yake. Fedha huenda kwa Kanisa. Aliyenunua anaweza kumzawadia mtu mwingine. Wengi humpa padre, wengine mama mkwe. Hapo ndipo penye vicheko.

Jumapili, 6 Julai
Mnada ulinoga. Laurenti, katekista wetu, ndiye aliyenadi. Aliinua jogoo mmoja: "Huyu anaimba kuliko kwaya yenu, na hajawahi kuchelewa mazoezi!" Kwaya wakamzomea.

Spesioza alitoa maharage. Kikapu cha kusuka chenye kifuniko, maharage yamechambuliwa moja moja. Ni mjane wa jumuiya yetu. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi wakiwa wakimbizi. Yeye amezaliwa hapa hapa Kanazi, ingawa wapo wanaosema bado kuwa ni "wa kule". Mwaka jana shamba lake lilikauka, jumuiya ikamlisha. Nilipoyaona maharage yale moyo uliniuma. Nikataja bei ambayo hakuna aliyethubutu kuipita, kisha nikapaza sauti: "Mrudishieni mama mwenyewe!" Vigelegele. Aliyapokea kwa mikono miwili, ameinamisha kichwa.

Nimerudi nyumbani mwepesi kama kijana. Nimetoa mara mbili kwa mkupuo mmoja: kwa Kanisa na kwa mjane.

Alhamisi, 10 Julai
Sala ya jumuiya, jioni, kwa Laurenti. Sisi ni kaya chache za jirani; tunasali kwa zamu, nyumba hadi nyumba, na mwenye nyumba huwapa wenzake chochote cha kutia mdomoni. Spesioza hakuja. Si kawaida yake. Labda homa.

Jumapili, 13 Julai
Si homa. Alikuwa misani, benchi la nyuma, akatoka kabla sijamfikia. Laurenti ananiambia ameomba kuhamia jumuiya ya ng'ambo ya bonde. Sababu hakutoa.

Nimekasirika. Niandike ukweli: nimekasirika sana. Nilimtendea wema mbele ya parokia nzima, na hii ndiyo asante yake. Tena mimi ndiye mwenyekiti wa jumuiya. Mtu akihama kimya kimya, watu huuliza mwenyekiti alifanya nini.

Jumatatu, 14 Julai
Nilimlalamikia Paskazia wakati wa chai. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha: "Mwalimu, siku ile wazee wako walipoleta mahari kwetu, baba angewarudishia ng'ombe akasema 'mnawahitaji zaidi ninyi', mngepiga vigelegele?"

Nikamwambia hayo si mambo yanayofanana. "Haya, hayafanani," akasema, akaenda zake kuchuma mboga.

Nimewaza kutwa. Kwetu Wahangaza, na kwa Warundi vilevile, kitu kilichopokelewa hakirudi kilivyo. Chombo cha jirani unakirudisha baada ya muda, na ndani yake kuna kitu kingine. Kumrudishia mtu kitu kilekile, palepale, maana yake ni moja: sitaki kuhusiana nawe. Mambo haya niliyafundisha darasani. Lakini Jumapili ile sikuona zawadi. Niliona umaskini tu.

Jumanne, 15 Julai
Nimekwenda kwake. Alikuwa anamenya muhogo. "Shikamoo, Mwalimu." Marahaba. Akanipa kigoda. Nikaanza kueleza nia yangu. Nilieleza mno, kama kawaida yangu. Aliponiona nimeishiwa pumzi akasema taratibu: "Mwaka jana mlinilisha, nikala. Sikuona haya, njaa ni njaa. Mwaka huu nikasema, na mimi nimo. Wewe ukanirudisha nilikotoka, mbele ya watu."

Maharage hajayagusa. Hawezi kula alichokwisha kumtolea Mungu. Akakileta kikapu. "Uliyanunua wewe. Ni yako." Kisha akauliza zamu yake ya sala itafika lini, au sisi tukifika kwake tunaona shimo tunaruka.

Zamu yake tumeiruka tangu mwaka jana, na aliyeamua ni mimi. Nilisema tusimlemee. Nikamwomba radhi, nikamwomba atupokee wiki ijayo. Hakujibu ndiyo wala hapana.

Nimerudi kwa njia kuu na kikapu mkononi, watu wakinitazama. Aibu. Paskazia ameyapika. Tumekula.

Alhamisi, 17 Julai
Baada ya sala nimewaeleza wenzangu kosa langu. Wamekubali twende kwa Spesioza, akiridhia. Papo hapo wanawake wawili wakaanza kupanga: huyu abebe sukari, yule mchele, maana "maskini wa Mungu atatoa wapi?" Nikakataa. "Tunakwenda tukiwa wageni. Mgeni habebi chungu chake." Wamenung'unika. Mmoja amesema mzee huyu ubahili umempanda kichwani. Sawa. Laurenti atampelekea ujumbe.

Jumapili, 20 Julai
Hakuna jibu. Laurenti anasema alimsikiliza, akashukuru, akaendelea kulima. Wa ng'ambo wako tayari kumpokea. Naogopa. Si kwa ajili ya uenyekiti sasa. Yeye ndiye huanzisha nyimbo zetu. Sisi wengine tunafuata tu.

Jumatano, 23 Julai
Ametuma neno. Twende. Tusichelewe.

Alhamisi, 24 Julai
Tumesali kwake. Ua umefagiliwa hadi barabarani. Aliimba, tukafuata. Kisha ndizi na dagaa. Sahani hazikutosha, tukala kwa zamu. Hakuomba radhi, nasi hatukujifanya tumeshiba. Mmoja wa wale wanawake alikuwa ameficha sukari ndani ya kanga. Nilimkazia macho. Ameondoka nayo.

Wakati wa kuagana Laurenti akauliza wiki ijayo ni kwa nani. Spesioza akamwahi: "Ni kwa Mwalimu. Mimi nitaleta kuni."

Kuni ninazo tele, zimepangwa ukutani mpaka usawa wa dirisha. Yeye mwenyewe ameziona.

Nikasema, "Lete, mama."