Kipande cha Baiskeli

Likoni, Jumatano. Saa tatu asubuhi.

Mawingu yametanda tangu alfajiri, na mvua haitaki kunyesha wala haitaki kuondoka. Shuleni nimeomba ruhusa, nimesema kichwa kinaniuma. Si uongo mtupu.

Naogopa.

Niseme wazi, maana daftari hili halisomwi na mtu ila mimi. Leo saa nane mchana, ng'ambo kisiwani, kuna sinema ya wanawake. Picha yenyewe ni ile iliyotengenezwa kutokana na kitabu cha Siku za Mwanaidi. Wanawake wa Likoni na Mtongwe wamejipanga kwenda, mama yangu akiwamo, na Bi. Mwanasha, mama wa mchumba wangu, akiwa kiongozi wa msafara. Na mimi nimo ndani ya picha hiyo. Ukiacha watu wa sinema, ambao hata jina langu hawalijui, wanaojua ni wawili tu: mwalimu mwenzangu Wakio, na kaka yangu Bakari niliyemdokezea.

Haya yote niliyaandika mwaka jana, siku yalipotokea, kurasa mbili nzima. Jana nilizichana nikazitia mekoni mama alipokwenda kuteka maji. Nilidhani zikiisha kuungua nitapumua. Sikupumua.

Kitabu chenyewe cha Mwanaidi kila msichana aliyepita shule yetu amekisoma, na asiyejua kusoma amesomewa. Mwanaidi ni msichana wa pwani tu kama sisi. Ana kaka mkorofi, ana bibi mkali, anakua. Sura tunayoipenda sote ni ya baiskeli. Kesho yake ataanza kuvaa buibui, basi alfajiri anaichukua baiskeli ya kaka yake kwa siri, anateremka nayo barabarani kichwa wazi, mara moja tu, kisha anairudisha mahali pake na hamwambii mtu. Kurasa tatu. Nimewasomea wasichana wangu darasani sijui mara ngapi, na kila nikifika hapo hata wale wapiga domo wa nyuma hunyamaza.

Likizo ya mwaka jana watu wa sinema wakaja Likoni. Aliyechaguliwa kuwa Mwanaidi ni msichana mzuri wa kutoka bara, hodari wa kulia akiambiwa alie, lakini baiskeli hajui. Alianguka mara mbili akakataa kupanda tena. Mwalimu Wakio, Mtaita tunayefundisha naye, ndiye aliyekuwa akiwatafsiria. Naye ananijua. Bakari alinifundisha baiskeli nikiwa na miaka kumi, kwenye minazi nyuma ya nyumba, baba akiwa msikitini. Kosa langu ni kumhadithia Wakio siku moja tukisahihisha madaftari.

"Ni mgongo tu, Rukia," akaniambia, akinitaka niendeshe badala ya yule msichana. "Uso wako hawautaki."

Mgongo tu. Nikakubali. Mimi, ambaye nikipita mbele ya baraza la wanaume husahau namna ya kutembea.

Walinipa gauni la Mwanaidi, wakaniambia niteremke mpaka chini na nisigeuke. Nikateremka. Upepo ukaniingia masikioni hata sikusikia walichokuwa wakinipigia kelele. Gauni lilinuka mafuta ya mnyororo. Kwenye shimo la nusu ya njia kengele ikalia yenyewe, bila ya kuguswa. Nilipofika chini nikasahau kila kitu nilichoambiwa. Niligeuka, uso mzima, nikacheka meno yote nje. Hapo hapo gurudumu likazama mchangani, kanyagio likanichana muundi wa mguu. Mpiga picha akainua mkono kunionyesha kuwa imekwenda vizuri. Nilivaa buibui langu nikarudi nyumbani na damu ndani ya kiatu, nikamwambia mama nimejikwaa ngazini shuleni.

Miezi mitatu baadaye ikaja posa.

Athman ni karani bandarini. Nimemwona mara mbili, na zote mbili alikuwa akitazama viatu vyake. Yeye simwogopi. Namwogopa mama yake. Bi. Mwanasha ndiye aliyemrudisha mwanamke mzima kutoka matangani akabadilishe buibui, eti linaonyesha kifundo cha mguu. Akiingia nyumba ya watu, wasichana hukaa sawa kabla hajawatazama. Harusi ni mwezi ujao, na chumba nitakachowekwa ni cha ubavuni mwa chake.

Basi leo ataniona, kubwa kama nyumba, kichwa wazi, nikicheka barabarani. Posa itarudishwa. Baba, ambaye anasomesha watoto Kurani na hajapata kuinua sauti kwa mtu, hataweza kukaa barazani tena. Siku hizi wanaume wanabishana asubuhi mpaka jioni habari za Mwambao na uhuru, pwani yetu itakuwa chini ya Sultani au chini ya bara, lakini wakipata hadithi kama yangu siasa wataiweka kando. Na darasani sitarudi. Nani atamkabidhi bintiye kwa mwalimu kama mimi?

Nilijaribu kujifanya mgonjwa mbele ya mama. Akanishika paji la uso, akasema sina homa. "Bi. Mwanasha amekuwekea kiti. Usipokwenda atauliza una nini."

Ananiita. Naenda kuvaa.


Baada ya magharibi.

Nimerudi. Mwandiko wangu leo ni wa mtoto wa darasa la kwanza.

Kivukoni nilimwomba Mungu injini izime katikati ya maji. Haikuzima. Feri ilivuka upesi kuliko siku zote.

Sinema ya wanawake ina utaratibu wake. Wanaume hutolewa wote, hata mkata tiketi huwa mwanamke, milango hufungwa, na hapo mabuibui huvuliwa, na ukumbi hujaa harufu ya asmini na udi na mikojo ya watoto. Kila mtu anazungumza na aliye safu ya mbali. Siku nyingine ningefurahi. Si desturi kwetu mchumba kukaa bega kwa bega na mavyaa wake, lakini Bi. Mwanasha aliniketisha kuliani kwake, mama kushotoni, akaniwekea visheti pajani. Sikuweza kumeza hata kimoja.

Picha ikaanza. Barabara zetu, minazi yetu, wanawake wakipiga vigelegele kila wanapotambua ukuta wa mtu. Mimi nilikuwa nahesabu sura. Sura ya kisima. Sura ya kaka kupigwa. Sura ya bibi kumsuka Mwanaidi nywele na kumwambia kuanzia kesho ni mtu mzima. Inayofuata ni ya baiskeli. Nikaanza kusoma Ayatul Kursiy kimoyomoyo, nikakosea, nikaanza upya. Nilijivutia usoni buibui langu, ambalo sikulivua, kama mtu anayefuta machozi. Karibu yangu Bi. Mwanasha alijiinua kidogo kitini, akaacha kutafuna.

Mwanaidi akalala. Picha ikaruka. Nikamwona amesimama mlangoni, buibui mwilini, analia.

Hapakuwa na baiskeli.

Nilisema Alhamdulillahi, kwa sauti, na hakuna aliyenisikia. Na kabla sijalimaliza neno lenyewe machozi niliyokuwa najisingizia yakaja ya kweli. Hili ndilo ninaloona haya kuliko yote, hata hapa.

Nilitaka nionwe.

Watu walitazamana, kama waliopotewa na ukurasa. Kisha mmoja akauliza, "Na baiskeli?" Wa pili akaidaka, halafu safu nzima. Wakaanza kupiga viti. Aliyekuwa wa kwanza kusimama, wallahi sikuamini macho yangu, ni Bi. Mwanasha.

"Baiskeli i wapi? Turudishieni baiskeli yetu!"

Picha ikasimamishwa. Msimamizi hakuweza kuingia, akazungumza nasi kutoka nje ya mlango, sauti ya mtu aliyezingirwa. Alisema wazee wawili watatu waliitazama picha jana kabla ya kuonyeshwa, wakaona kipande kile hakifai, wasichana wataiga. Kwa hiyo kimeondolewa.

"Wao wameiona, sisi tusiione!" Bi. Mwanasha akamjibu. Bibi mmoja wa nyuma akapaza sauti kuuliza yeye mwenye mvi ataiga nini. Watu wakacheka, wakaguna, wakakaa. Picha ikaendelea.

Mimi sikucheka. Wazee wawili watatu. Ina maana uso wangu umekwisha kutazamwa na watu ambao siwajui majina, na wao pengine wanamjua baba. Nilikuwa nimefurahi kwa muda wa kufumba na kufumbua jicho, na sasa hofu ilikuwa imerudi na wageni.

Ndipo Bi. Mwanasha aliponiinamia. Alinong'ona, jambo ambalo sikujua kuwa analiweza.

"Miye n'mekuja kwa baiskeli tu, mwanangu. Hicho kilio cha mlangoni nakijua, n'mekilia mwenyewe. Wewe umesoma. Hebu nambie ilivyokuwa."

"Abee, mama," nikasema.

Nikaanza kumsimulia sikioni, neno kwa neno kama lilivyo kitabuni, alfajiri, umande, mlango unaolia. Nilijua sura ile kwa moyo na nilitaka kuimaliza upesi. Lakini nilipofika kwenye mteremko sijui kilichonipata. Nikamwambia jinsi upepo unavyoziba masikio. Nikamwambia habari za gauni kunuka mafuta ya mnyororo, na kengele inayolia yenyewe shimoni, na mchanga wa chini unaokamata gurudumu, na kanyagio linavyouma likikupata kwenye muundi. Nilisema mpaka nikaishiwa pumzi.

Mwanga wa picha ulikuwa ukimpita usoni.

"Binti yangu amenisomea sura ile mara tatu," akasema taratibu. "Hayo hayamo kitabuni."

Hakuniangalia tena mpaka taa zikawashwa. Sehemu yote iliyobaki ya picha sikuiona, nikiulizwa iliishaje sijui. Nilikuwa najilaani kwa ulimi wangu. Nimechana kurasa, nimezichoma, wazee wa watu wamekata hata picha yenyewe ili isionekane, na mimi nimekwenda kuisema kwa mdomo wangu katika sikio la mtu mmoja ninayemwogopa kuliko wote duniani.

Kivukoni mama alimsifu yule msichana wa bara jinsi anavyolia. Bi. Mwanasha aliitika "naam" mara mbili na hakuongeza. Alisimama ameshika chuma cha ukingo, akitazama wanaume waliokuwa wakishuka na baiskeli zao. Aliwatazama mmoja mmoja.

Tulipofika kwenye njia panda ya kwenda Mtongwe, mama alitangulia kumwamkia jirani. Nikainama kumpa Bi. Mwanasha shikamoo na kuubusu mkono. Akaitika marahaba, kisha na yeye akainama, kama mtu anayekung'uta vumbi kwenye pindo la buibui lake. Lakini pindo aliloshika lilikuwa langu. Aliliinua kwa vidole viwili. Kovu liko pale pale, refu, bado jeusi. Alilipitishia kidole gumba kama mtu anayegusa kitambaa dukani ambacho hatakishona. Kisha akaliachia pindo.

"Funika hilo mpaka harusi ipite," akasema.

Akaenda zake. Hakutabasamu, na hakugeuka nyuma.

Nimekaa na maneno hayo tangu tuingie ndani. Mama anadhani nimechoka. Nayapindua huku na huku. Mpaka harusi ipite, kisha nini? Anaweza kuwa amenificha. Anaweza pia kuwa ameniweka mkononi, na kila nitakapochelewesha chai atalitazama pindo langu tu, basi, nami nitakimbia. Nitaishi ubavuni mwa chumba chake na yeye ananijua. Na wale wazee nao wapo. Na kipande chenyewe kiko mahali fulani, kwenye kopo au kwenye taka, mimi ndani yake nacheka peke yangu.

Lakini kile kidole gumba sikielewi. Hakikuwa cha mtu mwenye hasira.

Naona sasa kwamba asubuhi, bila ya kukusudia, nimeziandika tena zile kurasa nilizozichoma. Zipo hapo juu, mteremko na kengele na meno nje. Nilikuwa nimekwisha kuushika ukurasa nianze kuuchana. Nimeuacha. Mikasi ya leo inatosha.

Naogopa bado, kuliko asubuhi. Kesho narudi shule, na kipindi cha kwanza ni cha kusoma. Nitawasomea sura ya baiskeli, na yale yasiyomo kitabuni nitayatia.